Nilivyomhoji Mzee wa Mtaa Mpaka Alasiri

Katika nyumba ya kwanza kabisa niliyoingia kwa ajili ya utafiti ule nilitolewa nje, na kosa lilikuwa langu. Nilipiga hodi huku mguu mmoja umeshavuka kizingiti, kama nilivyozoea kwetu Changamwe, ambako hodi na kuingia ni kitendo kimoja. Mwenye nyumba, mama wa miaka sitini na kitu, alikuwa amekalia mbuzi akikuna nazi. Hata kichwa hakuinua.

"Toka, mwanangu," alisema kwa upole. "Toka uanze upya."

Nikatoka. Nikapiga hodi. Kimya, nilisikia nazi tu ikikunwa. Nikapiga ya pili. Kimya. Ya tatu niliitoa kwa sauti ya mtu anayedai haki yake, na hapo nikajibiwa kwa furaha kana kwamba ndiyo kwanza nafika: "Karibu, mwanangu, karibu! Mbona wasimama juani?"

Nilipokwisha kuketi na kupewa maji akanifunza. "Wapiga hodi mara tatu. Ukijibiwa, waingia. Usipojibiwa, warudi ulikotoka, wala huna la kununa. Nyumba ina mwenyewe." Niliitikia vizuri, lakini moyoni nilikuwa nikihesabu dakika zilizopotea. Mimi ni mtu wa haraka. Wazazi wangu walitoka bara kuja kufanya kazi viwandani, wakanirithisha mwendo wa mtu anayekimbilia zamu, na miaka kumi na minane ya uuguzi haikunipunguzia kitu. Wodini ukingoja kukaribishwa, mgonjwa anakata roho.

Kazi iliyonipeleka Mjambere ilikuwa hii. Huku kwetu upande wa bara wa Mombasa, mtu akizidiwa na ugonjwa wa akili, njia inayojulikana ni moja: vijana, kamba, kisha simu kwa polisi. Sheria inawaruhusu polisi kumchukua mpaka afikishwe kwa daktari, na hapo katikati, ambapo ni seli, mtu anaweza kukaa siku kadhaa kama mhalifu. Mkuu wa mradi wetu, mwanamke mpole mwenye ofisi kule kisiwani, aliamini kwamba kuna familia zilizokwisha kugundua njia za huruma zaidi bila kumwambia mtu yeyote. Akanipa dodoso la maswali arobaini na moja, fomu ya ridhaa yenye kurasa mbili, na amri ya kuzunguka kutoka Kisauni hadi Miritini nikiwatafuta.

Nilijiandaa kukutana na huzuni. Badala yake nilikutana na akili nyingi kuliko nilizokuwa nazo mimi. Miritini, karibu na maegesho ya malori, muuza chai mmoja alinieleza kwamba jirani yake akianza kuchanganyikiwa, yeye humwita na kumpa vikombe aoshe. Jirani huyo huosha hapo kutwa, vikombe vile vile, bila kusumbuliwa na mtu, mpaka mwili unachoka na usingizi unamjia. Wateja hulalamika kwamba chai inachelewa, ila hakuna aliyewahi kulalamikia usafi wa vikombe. Niliandika yote hayo, nikicheka, kwenye mistari miwili niliyopewa ya majibu.

Lakini aliyenikaa moyoni ni mama wa Mjambere, yule yule aliyenitoa nje nianze upya. Alikuwa akioka mkate wa sinia kwa oda za harusi na hitima, na aliishi na mdogo wake wa mwisho, ambaye alimlea mwenyewe baada ya wazazi kufariki. Huyo ndugu alikuwa fundi wa saa na redio, mwenye kibanda kando ya barabara ya Malindi. Mara mbili maradhi yalikuwa yamempanda, na mara zote mbili alifungwa kamba. Mara ya pili alikaa seli siku tatu pamoja na wezi wa simu. Alitoka na alama za kamba kwenye vifundo vya mikono, na kwa miezi miwili mikono ilimtetemeka asiweze kushika bisibisi. Alipopata nafuu alimwambia dada yake neno moja tu: akifungwa tena, atahama mji, na hatasema anaenda wapi.

"Maradhi yake siyaogopi," mama aliniambia, akikung'uta nazi kwenye sinia. "Maradhi nayajua, huja yakaenda. Naogopa kamba. Wakimfunga mara ya tatu, mimi nimempoteza ndugu yangu."

Fundi mwenyewe alikuja kuhojiwa siku hiyo hiyo, mtu nadhifu, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Nilimsomea fomu ya ridhaa kama inavyotakiwa: una haki ya kukataa, una haki ya kusimamisha mazungumzo wakati wowote, hakuna atakayekulazimisha kwa lolote. Aliniomba niisome tena. Nikaisoma.

"Tamu hiyo," akasema. "Wale vijana wa kamba nao ungewapa nakala."

Alicheka, nami nikacheka kidogo. Tulipofika swali la kumi na saba, lile la ni kitu gani kingemsaidia siku akizidiwa, alijibu bila kufikiri: "Nipigiwe hodi." Nilidhani ananitania kwa sababu ya yaliyonikuta asubuhi. Nikaandika neno "heshima" kwenye kisanduku cha mengineyo na kuruka kwenda la kumi na nane. Hilo nalionea aibu mpaka leo.

Baada ya hapo tulizoeana. Nikipita Kisauni nilisimama kibandani kwake, naye alinitengenezea saa yangu ya mkononi iliyokuwa ikienda mbele. Alisema haina ubovu wowote, imeniiga tu.

Kisha, Alhamisi moja kama saa nne asubuhi, mama akanipigia simu. "Mwanangu," alisema, sauti imekauka, "yuwafungua friji, kipande kipande."

Fundi alikuwa hajalala siku nne. Dawa alikuwa ameziacha kimyakimya kwa sababu zilimtia mikono mizito, na kazi ya saa haitaki mikono mizito. Nilifika Mjambere nikihema. Uani kumejaa watu. Mbele ya mlango wa chumba chake kulikuwa na lundo la matumbo ya redio, panga za feni, na rafu zote za friji. Ndani, redio zipatazo saba zilikuwa zikipiga stesheni tofauti kwa sauti ya juu. Vijana wawili wa bodaboda walikuwa tayari na kamba ya manila. Mzee wa mtaa alikuwa ameshika simu na kutangaza kwamba anatoa dakika tano, kisha anaita polisi.

Si mtu mbaya, yule mzee. Watoto wa shule hupita hapo, na akidhurika mmoja, yeye ndiye ataulizwa. Mwenye kosa kubwa siku ile nilikuwa mimi. Muuguzi wa miaka kumi na minane, mtafiti wa njia za huruma, nilikwenda moja kwa moja mlangoni, nikasema "Hodi!" na kusukuma kwa pumzi moja.

Nilimwona kwa muda wa kupepesa macho tu. Alikuwa kifua wazi, bisibisi mkononi, macho yamemtoka kwa hofu. Aliupiga mlango teke, ukanigonga kwenye paji la uso, nikaanguka kwa makalio juu ya rafu za friji. Watu wakacheka, mpaka fundi alipopaza sauti kutoka ndani: "Hata wewe! Hata wewe!" Nundu ilinivimba pale pale, lakini maneno hayo yaliniuma zaidi. Tulisikia kabati likiburutwa kuzuia mlango. Mzee akaanza kubonyeza simu.

Ndipo mama alipoingia kazini. Kwanza alizima swichi kubwa ya umeme ukutani, redio zote zikafa kwa pamoja. Akautoa nje mtungi wa gesi na kuukabidhi kwa jirani. Akawataka watu wote warudi nyuma mpaka barabarani, na kwa sababu nusu yao amewapikia harusi zao, wakarudi. Kisha akaenda mlangoni, akaweka buibui sawa, akasimama kando kidogo kama mgeni asiyetaka kuchungulia.

"Hodi," akasema.

Akangoja. Sijui ni dakika ngapi, kwangu mimi ilikuwa kutwa. "Hodi." Akangoja tena. "Hodi, ndugu yangu." Hakujibiwa. Sote tulingoja afanye kitu, apige kelele, alie, awaite vijana. Akageuka na kuondoka.

"Hajanikaribisha," alitueleza, na akaenda zake jikoni kuwasha makaa na kupiga unga wa mkate.

Mzee wa mtaa akatugeukia. "Sasa huyu mama naye! Mtu ana bisibisi, yeye aenda kupika?"

"Nitarudi baada ya adhuhuri," sauti ilisema kutoka jikoni.

Simu ilikuwa bado mkononi mwa mzee, namba haijakamilika. Mimi nilikuwa na nundu, mkoba, na ndani ya mkoba madodoso kumi na mawili ambayo hayajajazwa. Nikajifuta vumbi na kumwendea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"U hali gani?"

"Salama, alhamdulillahi."

"Nyumbani wote hawajambo?"

Maishani mwangu sijawahi kusalimu vile. Nilimuulizia mkewe, nikamuulizia watoto mmoja mmoja, nikamuulizia goti lake baada ya kuona anasimama upande mmoja. Goti peke yake lilichukua robo saa. Halafu nikamwambia, na haukuwa uongo, kwamba ofisi yetu inahitaji mno maoni ya viongozi wa mitaa, na mpaka leo hakuna hata mmoja aliyehojiwa. Mzee aliitazama simu, akanitazama mimi, akaitazama fomu yenye muhuri. Akatia simu mfukoni. Mtu akamletea kiti.

Nilimsomea kurasa zote mbili za ridhaa, taratibu, nikinyanyua macho kila sentensi. Swali la kwanza, lile la umeishi mtaa huu tangu lini, lilitupeleka mpaka adhana ya adhuhuri, kwa kuwa alianza na babu yake na shamba la minazi. Nikapata hofu kwamba akienda kuswali atarudi na askari. Alirudi na miwani yake. "Tulifikia swali la ngapi?" akauliza.

Wale vijana wa kamba walikuwa wamesimama karibu wakinuna. Mmoja, mzaliwa wa bara kama wazee wangu, akashindwa kuvumilia. "Kwani sisi hatuna maoni, madam?"

Niliwapa fomu. Waliketi juu ya kamba yao, wakaanza kunijibu kwa zamu, wakikatana kauli. Nilipouliza kama wamewahi kumsaidia mtu aliyezidiwa, na ilikuwaje, yule wa bara alichezea ufunguo wa pikipiki.

"Mimi ndiye nilimfunga ile mara ingine," alisema. "Wiki hiyo alikuwa ametoka kunitengenezea simu. Alilia, madam. Sikujua mtu mzima hulia hivyo. Hadi leo nikipita kwa kibanda chake naangalia chini."

Mzee alikuwa akisikia. Mama, naye, alikuwa amerudi mlangoni mara ya pili, akapiga hodi zake tatu kwa utulivu ule ule, akakosa jibu, akarudi jikoni. Harufu ya iliki na nazi ilianza kutujia. Nilimuuliza mzee swali la kumi na saba, na safari hii sikukimbia kwenda la kumi na nane. Alivua miwani, akautazama mlango.

"Labda tumpe nafasi," akasema.

"Mpaka lini, mzee?"

"Mpaka alasiri. Andika hapo kwamba nimesema mimi."

Niliandika, nikamwonyesha, akarekebisha tahajia ya jina lake.

Baada ya alasiri mama alitoka jikoni akiwa na sahani iliyofunikwa. Watu walikuwa wamepungua, uani kumetulia. Alipiga hodi ya kwanza. Ya pili. Halafu tulisikia sauti iliyokwaruza.

"Nani?"

"Ni mimi dadako."

"Uko na nani?"

"Niko na mkate."

"Peke yako?"

"Peke yangu na mkate."

Hata vijana wa bodaboda walijiziba midomo wasicheke. Kisha kabati likaanza kuburutwa, polepole, likikwama na kuendelea, na mlango ukafunguka upana wa mtu mmoja mwembamba.

"Karibu," akasema.

Mama akaingia. Miguu yangu ilikuwa imeshaanza kumfuata yenyewe, na aliyenivuta mkono wa gauni ni mzee wa mtaa. "Kaa," aliniambia kwa ukali. "Hujakaribishwa."

Nilikaa. Mama alipotoka, bisibisi lilikuwa limefungwa kwenye pindo la kanga aliyojifunga kiunoni, na uso wake ulikuwa umechoka sana. Alisema ndugu yake amekubali kwenda hospitali, kwa masharti. Aende kesho asubuhi, akisha kuoga na kuvaa nguo iliyopigwa pasi. Aende kwa miguu yake, asishikwe na mtu. Na yule mwanamke wa maswali aje amtake radhi.

Nikaenda mlangoni. Nilipiga hodi, nikangoja. Nikapiga ya pili. Nilimsikia ndani akitafuna mkate, bila haraka yoyote, na nina hakika alikuwa akicheka. Ya tatu niliipiga kwa unyenyekevu ambao mkuu wangu wa mradi hajawahi kuuona.

"Karibu, daktari wa mbio," akasema.

Nilimwomba msamaha nikiwa nimesimama katikati ya skrubu mia na kidogo. Alinisamehe, kisha akanieleza jinsi friji inavyofanya kazi, tangu mwanzo mpaka mwisho, halafu tena tangu mwanzo, maneno yakimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Alikuwa mgonjwa bado, sikujidanganya. Mikono ilikuwa haitulii na macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Nilikaa chini nikasikiliza yote. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza.

Asubuhi tulikwenda kwa miguu, yeye mbele, mimi na mama nyuma hatua kadhaa. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kofia. Alisimama kila duka kusalimu na kutoa hotuba fupi juu ya friji, hivyo mwendo wa nusu saa ulituchukua karibu saa mbili. Yule kijana wa bodaboda alitufuata kwa mbali, pikipiki imezimwa, akiisukuma. Hakuna aliyemwita wala kumfukuza. Mama alikuwa akisoma dua chini kwa chini, na kila alipopita askari au mlinzi wa lango alinishika mkono kwa nguvu.

Kwenye meza ya mapokezi karani alikuwa na foleni ndefu na karatasi nyingi. Aliandika jina, akaandika umri, akaandika mtaa, bila kuinua macho.

"Ameletwa na nani?" akauliza. "Polisi, chifu, au jamaa?"

Mama alifungua mdomo ajibu. Ndugu yake akamwinulia mkono.

"Nimekuja," akasema.

"Ndiyo, lakini nani amekuleta?"

"Hakuna aliyenileta. Nimekuja."

Hapo karani akainua macho. Alimtazama mtu yule wa kanzu iliyopigwa pasi, akatutazama sisi wawili nyuma yake, akaitazama fomu. Aliigeuza upande wa pili kutafuta mahali pa kuandika jibu kama hilo, akapakosa. Mwishowe akafuta maneno yote matatu kwa mstari mmoja, na pembeni, kwa herufi kubwa, akaandika: AMEKUJA MWENYEWE.

Mama alikuwa hajalia siku aliyonihadithia, wala siku ya bisibisi. Alisoma yale maneno mawili, akaketi kwenye benchi, akajifunika uso kwa buibui na kulia kwa sauti mpaka foleni nzima ikageuka. Ndugu yake akainama, akamshika bega.

"Nyamaza, dada," alimnong'oneza. "Watadhani mgonjwa ni wewe."